Kalenda Isiyo na Walimu

Iko desturi iliyoenea miongoni mwa wapenzi wa muziki wa kantri wa Marekani, nayo ni desturi ya kuhesabu siku za kuzaliwa. Kila siku iingiapo, watunzaji wa desturi hiyo hutangaza ni nani aliyezaliwa tarehe kama ile: mwimbaji gani, mtunzi gani, mpigaji gani wa gitaa au wa fidla. Mwezi wa Septemba ndio mwezi wao wa neema. Tarehe 8 hutajwa Jimmie Rodgers, aliyezaliwa mwaka 1897, na siku iyo hiyo hutajwa Patsy Cline, aliyezaliwa mwaka 1932. Tarehe 13 ni siku ya Bill Monroe, aliyezaliwa mwaka 1911 huko Rosine, katika jimbo la Kentucky. Tarehe 17 ni siku ya Hank Williams, aliyezaliwa mwaka 1923 katika jimbo la Alabama. Mtu akiyasikiliza matangazo ya siku kumi hizo hudhani kuwa amekwisha kusimuliwa habari za muziki huu tangu mizizi mpaka matawi.

Dhana hiyo ni ya uongo, tena ni uongo wenye madhara. Kalenda ya siku za kuzaliwa imekaa kiti cha kadhi bila ya kusikiliza mashahidi. Humpa haki yule aliyeandikwa, humpita yule asiyeandikwa, kisha huuliza kwa mshangao kwa nini watu waliopitwa hawana mchango. Wahenga walisema, asiyekuwapo na lake halipo. Mithali hiyo ni onyo kwa mtu mvivu wa kuhudhuria. Ni dhuluma kumsomea mtu aliyekuwapo, akafanya kazi, akafundisha, kisha mlango ukafungwa na jina lake likaachwa nje.

Kabla ya kulaumu ni haki kutaja wema wa desturi yenyewe. Wako wanazuoni wanaoicheka. Husema kuwa tarehe ya kuzaliwa haifundishi jambo lo lote juu ya sanaa, na kwamba mtu hazaliwi na gitaa mkononi. Wanazuoni hao wameona nusu ya jambo. Siku ya kuzaliwa ina usawa ambao soko halina. Mwimbaji mashuhuri ana siku moja kwa mwaka, na mpigaji wa kukodiwa ana siku moja vile vile. Wala siku ya tajiri hairefuki kwa sababu ya mali yake.

Usawa huo si jambo dogo katika muziki ambao ulijengwa na mikono mingi iliyofichwa. Katika miaka ya 1950 na 1960, nyimbo nyingi mno zilizotoka Nashville zilipigwa na kundi dogo la wapigaji wale wale, waliokodiwa kwa vipindi vya saa tatu tatu. Asubuhi walimpigia mwimbaji mmoja, alasiri wakampigia mwingine, na usiku wakampigia wa tatu. Aghalabu majina yao hayakuandikwa juu ya sahani wala juu ya mfuko wake. Wimbo wa Crazy, ulionaswa mwaka 1961, hujulikana duniani kwa jina la Patsy Cline. Lakini piano yake ilipigwa na Floyd Cramer, besi ikapigwa na Bob Moore, ngoma zikapigwa na Buddy Harman, na mtunzi wake alikuwa Willie Nelson, ambaye wakati huo alikuwa bado hajapata jina kubwa. Gitaa lililoupa wimbo wa El Paso sura yake mwaka 1959 lilikuwa mikononi mwa Grady Martin, hali sifa zilimwendea mwimbaji, Marty Robbins. Grady Martin alifariki mwaka 2001, akaingizwa katika Jumba la Heshima la Muziki wa Kantri mwaka 2015, miaka kumi na minne baada ya masikio yake kufungwa yasisikie pongezi.

Watunzi nao hawakuwa na bahati bora. Sauti ya Jim Reeves ilipendwa sana Kenya na nchi za jirani, na wako wazee wasiojua neno la Kiingereza ambao huifuatisha mpaka leo. Wimbo wake wa Distant Drums ulishika nafasi ya kwanza Uingereza mwaka 1966, miaka miwili baada ya mwimbaji mwenyewe kufa katika ajali ya ndege. Wimbo huo ulitungwa na mwanamke wa Texas, Cindy Walker, aliyezaliwa tarehe 20 Julai, 1918. Kati ya watu mia walioufuatisha wimbo huo, yamkini hawapatikani watatu waliopata kulisikia jina lake. Basi ikiwa kalenda huwatoa watu kama Cramer, Martin na Walker kizani mara moja kwa mwaka, na iendelee kufanya hivyo. Hakuna mwenye akili atakayeichukia kazi hiyo.

Ubaya unaanza pale kalenda inapojifanya kuwa imekamilika. Mtu aulize kwanza: tarehe hizi zimetoka wapi? Jimbo la Alabama halikuanza kuandikisha vizazi kwa jimbo zima mpaka mwaka 1908, Mississippi mwaka 1912, na North Carolina mwaka 1913. Wengi wa wapigaji wa kwanza wa muziki wa kantri walizaliwa kabla ya hapo. Tarehe zao zilitokana na Biblia za nyumbani, hesabu za watu, mawe ya makaburi, na midomo ya wenyewe. Familia iliyokuwa na Biblia, na mtu wa kuandika ndani yake, ilihifadhi siku ya mwanawe. Familia iliyotoka utumwani juzi, ambayo wazee wake walikuwa wamekatazwa kusoma kwa sheria na kwa mjeledi, ilihifadhi msimu, au jina la mavuno, au haikuhifadhi kitu.

Hata walioandikwa hawakuandikwa sawasawa. Fiddlin' John Carson, ambaye sahani yake ya mwaka 1923 iliyonaswa Atlanta ilifungua soko la muziki huu, hupewa mwaka 1868 na baadhi ya watu, na mwaka 1874 na wengine. Louis Armstrong alisema maisha yake yote kuwa alizaliwa tarehe 4 Julai, 1900. Alikuwa amekwisha kufa zaidi ya miaka kumi kabla hakijaonekana cheti cha ubatizo kinachosema tarehe 4 Agosti, 1901. Willie Nelson alizaliwa tarehe 29 Aprili, 1933, usiku haujafika nusu, lakini karani akaandika tarehe 30. Basi husherehekewa siku zote mbili. Kalenda imeweza kumpa mtu mmoja siku mbili, na hakuna aliyelalamika kuwa jambo hilo ni gumu. Ugumu huonekana pale tu anapotafutiwa siku mtu asiyekuwa nayo hata moja.

Na watu hao si wapita njia. Irudiwe Septemba ile ile ya neema. Hank Williams alijifunza gitaa akiwa mtoto katika miji midogo ya Alabama, Georgiana na Greenville, kwa mpigaji mweusi wa barabarani aliyeitwa Rufus Payne, ambaye watu walimwita Tee Tot. Williams hakuyaficha hayo. Alipokwisha kuwa mashuhuri aliwaambia waandishi wa habari kuwa mafunzo yote ya muziki aliyoyapata aliyapata kwa mtu huyo. Payne alikufa fukara mjini Montgomery mwaka 1939, kabla mwanafunzi wake hajanasa sahani hata moja ya kuuzwa. Mwaka wake wa kuzaliwa hutajwa kwa kukisia, 1883 au 1884. Kila tarehe 17 Septemba mwanafunzi husifiwa kana kwamba alijifunza kwa ndege wa mwituni.

Siku nne nyuma yake yuko Bill Monroe, ambaye huitwa baba wa muziki wa bluegrass. Katika ujana wake huko Kentucky, Monroe alipiga gitaa katika ngoma za usiku nyuma ya Arnold Shultz, mtu mweusi, mchimbaji wa makaa ya mawe, aliyekuwa bingwa wa gitaa na wa fidla. Monroe naye alikiri mara nyingi, hata uzeeni, kuwa hali ya huzuni iliyomo katika muziki wake aliichuma kwa Shultz. Upigaji wa Shultz wa kidole gumba ulipita mikono kadhaa mpaka ukamfikia Merle Travis, na kwa Travis ukaenea duniani. Lakini Shultz hakunaswa sauti hata mara moja. Alikufa mwaka 1931, na mwaka wake wa kuzaliwa hutajwa kuwa 1886. Mtu ambaye mikono yake inasikika katika maelfu ya sahani hana sahani yake mwenyewe.

Rodgers, ambaye hutangulizwa kwa jina la baba wa muziki wa kantri, alikulia kwenye reli ya Mississippi, mahali ambapo vibarua weusi walikuwa wakiimba kwa kufuata mapigo ya nyundo. Nyimbo zake za bluu haziwezi kuelezwa pasipo wao. Tarehe 16 Julai, 1930, huko Hollywood, alinasa wimbo wa Blue Yodel Number 9. Tarumbeta ilipigwa na Louis Armstrong, na piano ikapigwa na Lil Hardin Armstrong. Juu ya sahani iliandikwa jina la Rodgers. Majina ya wale wawili hayakuandikwa. Ikiwa Armstrong, aliyekuwa tayari mtu mashuhuri, aliweza kuachwa hivyo, mtu afikirie mwenyewe hali ya kibarua wa reli.

Desemba nayo ina shahidi wake. Tarehe 15 ni siku ya A. P. Carter, aliyezaliwa mwaka 1891 katika milima ya Virginia, mkuu wa ile Familia ya Carter iliyonaswa sauti zake za kwanza mjini Bristol mwanzoni mwa Agosti, 1927. Husifiwa kwa kukusanya nyimbo za milimani, na sifa hiyo ni yake kwa haki. Lakini tangu mwaka 1928 hakuzikusanya peke yake. Alifuatana na Lesley Riddle, kijana mweusi aliyezaliwa Burnsville, North Carolina, tarehe 13 Juni, 1905, ambaye alikuwa amepoteza mguu katika ajali ya kiwanda cha saruji. Walipoingia nyumba za watu kutafuta nyimbo, Carter aliandika maneno, na Riddle alihifadhi sauti kichwani mpaka warudi nyumbani. Maybelle Carter alijifunza mengi ya gitaa kwa kumtazama. Nyimbo zilipoandikishwa, ziliandikishwa kwa jina la Carter. Riddle aliacha muziki, akahamia Rochester, jimbo la New York, na huko ndiko alikokutwa na Mike Seeger katika miaka ya 1960. Sahani yake mwenyewe ilitoka mwaka 1993, naye amekwisha kufa.

Riddle ni ushahidi mzito, kwa sababu tarehe yake inajulikana. Watunzaji wa kalenda hawawezi kujitetea kuwa hawakupata cheti. Tarehe 13 Juni iko kila mwaka. Ni nia iliyokosekana.

Siku moja kabla ya siku ya Carter ni siku ya DeFord Bailey, aliyezaliwa tarehe 14 Desemba, 1899, katika jimbo la Tennessee. Bailey alipiga kinanda cha mdomo hata msikilizaji akaona garimoshi linapita mbele yake. Mwezi wa Desemba, 1927, mara baada ya Bailey kupiga wimbo wake wa garimoshi, mtangazaji George D. Hay alitamka kwa mara ya kwanza jina la Grand Ole Opry, ambalo tangu hapo ni jina la kipindi cha redio kinachojulikana kuliko vyote katika muziki huu. Alikuwa mmoja wa vipenzi vikubwa vya kipindi hicho kwa zaidi ya miaka kumi. Safarini hakuruhusiwa kula wala kulala katika nyumba walimolala wenzake weupe. Mwaka 1941, wakati wa ugomvi baina ya vituo vya redio na chama cha watunzi juu ya malipo, nyimbo zake mashuhuri zilikatazwa kupigwa hewani. Naye akaachishwa kazi. Baadaye Hay aliandika kuwa Bailey alikuwa mvivu. Mvivu huyo alikaa Nashville miaka mingi aking'arisha viatu ili alishe watoto wake.

Mwaka 1974 aliitwa tena, akapiga katika jukwaa la Grand Ole Opry siku alipotimiza miaka 75. Jumba la Heshima, lililowapokea watu wake wa kwanza mwaka 1961, wakiwa Rodgers, Williams na mtunzi Fred Rose, lilimpokea Bailey mwaka 2005, na yeye alikuwa amefariki mwaka 1982. Basi si kweli kuwa siku ya kuzaliwa ni jambo la mchezo. Siku moja ya kuzaliwa ilitosha kumrudisha mtu jukwaani baada ya miaka thelathini na mitatu. Kitu chenye nguvu kiasi hicho hakifai kugawanywa kwa upendeleo.

Watetezi wa kalenda wana hoja tatu, na kila moja inastahili jawabu. Hoja ya kwanza ni kuwa kalenda ni burudani ya asubuhi, wala haikudai kuwa tarikhi. Jawabu ni kuwa watu wengi hawana tarikhi nyingine. Msomi atafungua vitabu. Mpenzi wa kawaida hujua kile anachosikia kila siku. Burudani inayorudiwa mara mia tatu na sitini na tano kwa mwaka ni mafundisho, apende asipende yule anayeitoa.

Hoja ya pili ni kuwa kila msanii alijifunza kwa mwingine, na mtu akianza kuwataja walimu hatapata mwisho. Hoja hii ingekuwa na uzito kama walimu wote wangesahauliwa kwa kipimo kimoja. Havikuwa hivyo. Hutajwa sana kuwa Monroe alimfuata mjomba wake, Pen Vandiver, mpigaji wa fidla, na ni vyema kutajwa. Mwalimu aliyeketi upande wa pili wa Monroe, katika ngoma zile zile, ndiye huachwa. Kama nafasi ya mjomba ilipatikana, nafasi ya Shultz ilikosekana vipi? Mwamba ngoma huvuta kwake, na ngozi hii imevutwa upande mmoja mpaka inakaribia kupasuka.

Hoja ya tatu ni kuwa kumtaja mwalimu ni kumpunguza mwanafunzi. Wenyewe wanafunzi hawakuona hivyo. Williams alimtaja Payne. Monroe alimtaja Shultz. Na Maybelle Carter hakumsahau Riddle. Anayenyamaza leo kwa kuwalindia heshima yao anawalindia kitu walichokitoa kwa hiari yao wenyewe. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Na hapa hata mwenye nguvu hakukataa kuitoa.

Matengenezo yatakiwayo hayahitaji fedha wala bunge. Kwanza, kila anapotajwa mwanafunzi katika siku yake, mwalimu aliyekiriwa naye atajwe katika sentensi iyo hiyo. Pili, yule ambaye siku ya kuzaliwa haikuandikwa akumbukwe kwa siku ya kufa. Msomaji wa pwani hahitaji kufundishwa jambo hili, maana anajua kuwa hauli ya mwanachuoni hufanywa kwa kuikumbuka siku aliyofariki, na kuwa mtu hujulikana zaidi alipomaliza kazi kuliko alipoanza kulia. Tatu, kila tarehe yenye shaka isemwe kuwa ina shaka, ili wasomaji wajue kuwa ukimya wa daftari si ushahidi kuwa hakukuwa na mtu.

Wala msomaji wa Afrika Mashariki asidhani kuwa lawama hii inaishia Tennessee na Kentucky. Mwaka 1950 Hugh Tracey, mkusanyaji wa nyimbo za Afrika, alifika kwa Wakipsigis wa Kenya. Huko sahani za Jimmie Rodgers zilikuwa zimesikika kwa santuri, na jina lake lilikuwa limegeuka katika ndimi za watu likawa Chemirocha. Wasichana wakiongozwa na Chemutoi Ketienya waliimba wimbo wa kumwita mgeni huyo, ambaye alikuwa amekwisha kufa kwa kifua kikuu mwaka 1933. Na katika maelezo yaliyoandikwa alikuwa kiumbe wa ajabu, nusu mtu na nusu paa. Wimbo huo umesafiri mbali, na watu wa nchi nyingi wameusifu kwa uzuri wake. Mwimbiwa ana tarehe 8 Septemba, iliyo wazi kwa kila atakaye kuitazama. Kiongozi wa waimbaji ana jina tu, nalo ni bahati kuwa liliandikwa. Wasichana waliomwitikia hawakupewa hata hilo.

Wanafunzi wa fasihi na muziki wanaosoma habari za Rufus Payne na kuwalaumu Wamarekani wana haki ya kulaumu. Lakini wako wapigaji wa taarabu, wa dansi na wa ngoma katika miji yao wenyewe, waliomfundisha huyu na yule aliyepata sifa, na ambao bado wanaishi, wamekaa vibarazani, kumbukumbu zao zingali nzima. Kuwauliza majina yao, ya walimu wao, na mwaka waliozaliwa, hata kama jawabu ni njaa fulani au mvua fulani, ni kazi ya alasiri moja. Atakayeiahirisha kazi hiyo asishike jiwe la kumrushia mtunza kalenda wa Nashville.